Uzi wa pampu za kuvaliwa mwilini za kupimia hewa anayovuta mfanyakazi: nimetupa sampuli 6 kwa kosa la asubuhi, nyie zenu mnazitunzaje?

MlindaPumzi (mleta uzi)

Wakuu habari za kazi. Naandika nikiwa bado na uchungu maana siku nzima ya watu 6 imeenda na maji na kosa ni langu.

Iko hivi. Nilivalisha jamaa 6 wanaokata na kusaga mawe, pampu kiunoni, mpira unapita mgongoni, saikloni (kile kidude cha kutenga vumbi kubwa na laini) kwenye kola. Saikloni zetu ni zile za lita 2.2 kwa dakika. Asubuhi nikaseti pampu zote zikasoma 2.2 safi kabisa, ila nilipima pampu tupu, yani kalibreta (kifaa cha kupima pampu inavuta lita ngapi) nimeichomeka moja kwa moja kwenye mdomo wa pampu, hakuna saikloni hakuna filta, kwa sababu watu walishaanza kuingia shifti na mi nilikuwa peke yangu nikajiambia ni pampu hizo hizo tu kuna tofauti gani.

Jioni nimetulia nikapima moja moja ikiwa imeungwa na saikloni na kaseti (kikasha cha filta) kama ilivyovaliwa. Ya kwanza 1.9. Nikarudia mara tatu, 1.9 ile ile. Nyingine 1.9, tatu zikasoma 2.0, na pampu namba 4 ikasoma 1.7. Nilikaa chini.

Swali langu la kwanza, naweza kuchukua wastani wa asubuhi na jioni nikaokoa hizi sampuli? La pili, mnatunzaje pampu zenu maana hizi zetu ni za siku nyingi na nahisi hakuna aliyewahi kuzifungua.

---

Fundi Vipimo

Pole sana mkuu. Jibu la la kwanza ni hapana, na nakueleza kwanini ili hata bosi akikubania uwe na la kumwambia.

Wastani wa kabla na baada unachukuliwa pale vipimo viwili vimeachana kidogo, mpaka asilimia 5. Kutoka 2.2 kwenda 1.9 ni karibu asilimia 14, hiyo sampuli imekufa. Hata zile za 2.0 ni asilimia 9, nazo zimekufa. Na hata kama zingeachana kidogo, asubuhi hukupima kile alichovaa mtu. Pampu tupu inavuta bila mzigo. Ukiweka filta na saikloni na mpira wa karibu mita moja kuna ukinzani, pampu nzuri yenye kujirekebisha itaongeza nguvu ibaki pale pale, pampu iliyochoka itashuka kama zako.

Alafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Kwenye saikloni floo (kasi ya kuvuta hewa) ikishuka haiharibu hesabu ya ujazo peke yake, inaharibu na aina ya vumbi unalokusanya. Saikloni inazungusha hewa, chembe nzito zinarushwa pembeni zinadondokea kwenye kikombe cha chini, laini zinapanda kwenye filta. Kwa floo yake sahihi, chembe za mikroni 4 karibu nusu ndo zinapita, na huo ndo mpaka wa vumbi linalofika kwenye vifuko vya mapafu. Ukivuta polepole mzunguko unalegea, na chembe kubwa ambazo mapafu yangezizuia juu nazo zinapanda kwenye filta. Ukivuta kwa nguvu inakuwa kinyume chake. Kwa hiyo ulichopima jioni hujui ni nini, na hakuna hesabu ya kukirudisha.

---

MlindaPumzi

Dah. Hilo la aina ya vumbi nilikuwa silijui kabisa, nilidhani ni ujazo tu. Asante mkuu, nimeumia ila nimeelewa.

---

KofiaNgumu

Wakuu samahani mi ni mgeni kwenye haya mambo, ni afisa usalama sehemu yenye vumbi. Kwani tofauti ya 2.2 na 1.9 ni kubwa kiasi hicho? Na kwanini tusitundike kifaa kimoja ukutani kikapima ukumbi mzima tukaacha kusumbua watu?

---

Fundi Vipimo

Mgeni karibu, maswali mazuri yote mawili.

Chukua kalamu. Lita 2.2 kwa dakika kwa dakika 480 ni lita 1,056, yani mita za ujazo 1.056. Maabara ikikwambia filta ina miligramu 0.05 za silika (lile vumbi la mawe linaloharibu mapafu), unagawa unapata 0.047 kwa kila mita ya ujazo. Marekani, OSHA (mamlaka yao ya usalama kazini) tangu kanuni yao ya 2016 kikomo cha silika ni miligramu 0.05 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa saa 8, kwa hiyo unaandika yuko chini ya kikomo, mtu anarudi kusaga mawe. Sasa kama pampu kweli ilikuwa inavuta 1.9, hewa iliyopita ni lita 912, gawa tena, unapata 0.055. Yuko juu. Mtu ni yule yule, filta ile ile, na hapo hata hatujagusa lile suala la saikloni.

La ukutani, mwaka 1960 kule Uingereza, kwenye kituo cha nyuklia cha Harwell, Sherwood na Greenhalgh walichapisha kazi yao ya pampu ndogo ya kuvaliwa na mfanyakazi. Walipolinganisha, kilichopimwa mwilini kilikuwa juu kuliko kilichopimwa na vifaa vilivyokaa sehemu moja. Ukifikiria ni wazi, mtu ndo anainama juu ya jiwe, ukuta hauinami. Ndo maana tunasema kichwa cha kuvutia hewa kikae ndani ya sentimita 30 kutoka puani na mdomoni. Ukikuta kimefungwa kwenye mkanda karibu na pampu ujue hiyo siku imepotea.

---

Mchomeleaji_wa_Zamu

Mi niseme kama mtu ninayevalishwa. Mnatuvalisha hivyo vidude asubuhi, vinanguruma kiunoni kutwa, mpira unanasa kwenye kila kitu, jioni mnavua mnaondoka na hatusikii tena. Kwetu wengine wanaamini kabisa ni kinasa sauti. Kuna mwenzangu alikuwa anaivua anaitundika kwenye msumari kila anapoenda kuchomelea akidhani anaongea na bosi. Sijawahi kuambiwa namba yangu hata moja na ni mapafu yangu.

---

DadaAfyaKazini

Kaka nimesoma ulichoandika mara mbili na una haki kabisa. Namba ni yako na unatakiwa kuambiwa, nenda kaiombe kwa maandishi.

Kwa wenzangu mnaovalisha, dakika 5 za kuongea na mtu kabla ya kuwasha pampu zinaokoa sampuli kuliko kifaa chochote. Mi namfungulia mtu mpira namwambia weka kidole hapa usikie inavyovuta, hiki kinafanya kama pua yako, kinakula hewa unayokula wewe, hakuna maiki hapa. Namwonyesha filta ikiwa nyeupe asubuhi, jioni naita namwonyesha ilivyokuwa ya kijivu. Baada ya hapo hakuna anayetundika kwenye msumari, tena wanaanza kukuita wenyewe, dada hii imezima.

Mpira pitisha chini ya ovaroli mgongoni, toa begani, bana sehemu mbili usiachie kitanzi hata kimoja. Kwa wachomeleaji kichwa cha kuvutia lazima kikae ndani ya ile ngao ya uso, kando ya shavu. Kikikaa nje unapima moshi ambao ngao imeuzuia, yeye anavuta hewa ya ndani ya ngao.

Na msivalishe mkaondoka. Pitia baada ya nusu saa ya kwanza, alafu kila saa moja au mbili. Angalia kioo cha pampu, angalia mpira haujabanwa na mkanda, angalia kaseti haijageuka, andika saa. Pampu ikizima saa 7 mchana ukaigundua saa 10 jioni umebaki na fumbo.

---

Mchomeleaji_wa_Zamu

Asante dada. Hilo la filta nyeupe na ya kijivu hakuna aliyewahi kutuonyesha.

---

Fundi Vipimo

Sasa swali la pili la mleta uzi, matunzo. Nitaandika kama zinavyonijia.

Filta ndogo ya mdomoni mwa pampu. Karibu kila pampu ina kakifuniko pale hewa inapoingia, ndani kuna kafilta. Kazi yake ni kuzuia vumbi lisiingie kwenye mashine pale kaseti ikivuja au ikichomoka. Fungua leo uiangalie. Ikiwa ya kijivu au imelowa badilisha, na usiendeshe pampu bila hiyo hata kwa majaribio ya dakika moja. Nimefungua pampu za watu nikakuta vumbi limekaa kwenye vali kama unga, vali haifungi, pampu inahema kama mgonjwa.

Diaframu na vali. Diaframu ni mpira unaopanda na kushuka ndo unaovuta. Ukizeeka unakakamaa, hewa inakuja kwa mishtuko badala ya kutiririka. Utaijua kwenye rotameta (bomba la kioo lenye gololi inayopanda kuonyesha floo), gololi haitulii inatetema juu chini. Kwenye saikloni mishtuko hiyo ni mibaya kwa sababu ile ile niliyosema, mzunguko unavurugika. Kiwango cha ISO 13137 ambacho ndo cha pampu hizi kina kipengele chake kabisa cha hiyo mishtuko. Hapo peleka kwa fundi mwenye vipuri vya pampu hiyo, usikate mpira wa kitu kingine ukaupachika.

Mtihani wa kuvuja. Washa pampu na mpira wake, ziba ncha ya mpira kwa kidole gumba. Pampu nzima itakaza, sauti itabadilika, baada ya sekunde kadhaa itasimama na kuonyesha alama ya hitilafu. Ikiendelea kunguruma kama hakuna kilichotokea basi kuna sehemu inakula hewa. Sogeza kidole mpaka mdomoni mwa pampu yenyewe, ikisimama hapo tatizo ni mpira, isiposimama tatizo liko ndani. Fanya hivyo kwa namba 4 yako uje utuambie.

Kusafisha, kitambaa chenye unyevu kidogo basi. Kompresa kaa nayo mbali, hewa yenye presha inasukuma vumbi ndani na inaweza kutoboa diaframu. Na ikivuta maji zima hapo hapo usiseme itajikausha.

---

MlindaPumzi

Mkuu nimefanya sasa hivi. Namba 4 nikiziba mwisho wa mpira inaendelea kunguruma, nikiziba mdomoni inakaza na kusimama. Nikauangalia ule mpira mwanzo mwisho sikuona kitu. Nikaukunja pale unapoingia kwenye kichomeo, kumbe kuna mpasuko kama wa ukucha, ukiunyoosha unajifunga hauonekani ukiukunja unafunguka. Na mtu akiwa ameinama kazini unakunjwa pale pale! Kwa hiyo jamaa wa namba 4 siku nzima sehemu ya hewa ilikuwa inatoka mgongoni kwake.

Nimekata sentimita 3 za mwisho nikaurudishia kwa muda, inasimama vizuri. Naagiza mipira mipya yote 6.

---

Fundi Vipimo

Safi, na huo uliokata usiuweke kwa mtu, ukipasuka mwisho na katikati hauko mbali.

---

BetriImeisha

Wadau betri je? Zangu zinaonyesha zimejaa asubuhi, ikifika saa ya 5 kazini pampu chali.

---

Fundi Vipimo

Alama ya kujaa haikwambii betri ina uwezo kiasi gani, inakwambia imejaa kwa ule uwezo uliobaki. Betri ya zamani inajaa haraka na kuisha haraka. Jipimie mwenyewe, chaji mpaka mwisho, funga saikloni na kaseti ya majaribio, washa kwa floo unayotumia, iache mezani uhesabu masaa. Ukihitaji shifti ya masaa 8 mi nataka nione angalau 10. Isipofika badilisha.

Pampu za kale zenye nikeli kadimi zilikuwa zinataka uziishe kabisa mara moja moja maana ukichaji juu juu kila siku zinapungua uwezo. Za lithiamu usizifanyie hivyo, na usiziache kabatini tupu miezi, zinakufa. Pampu isiyotumika itoe kila mwezi, iendeshe, ichaji, irudishe.

Na hili ni la uhai, kama unafanya kazi kwenye gesi au mvuke unaoweza kulipuka, pampu iwe ya aina iliyothibitishwa kwa maeneo hayo, na kuchaji au kufungua betri ni nje ya eneo, sehemu safi, bila mjadala.

---

KofiaNgumu

Na sisi wa viyeyusho, rangi na gundi, ni pampu hizo hizo?

---

DadaAfyaKazini

Inaweza kuwa hiyo hiyo ila siyo kwa lita 2. Mivuke inanaswa na tyubu ya mkaa, kichupa chembamba cha kioo chenye mkaa ndani, na hiyo inataka hewa kidogo sana, kati ya mililita 10 na 200 kwa dakika kutegemea na kemikali na mbinu unayofuata, kwa hiyo unahitaji pampu ya floo ndogo au kiunganishi cha kushusha. Unavunja ncha zote mbili za tyubu, mshale unaangalia pampu, tyubu inasimama wima, na uivalishe kifuniko chake maana ile kioo iliyovunjika iko karibu na shingo ya mtu.

Ndani kuna mafungu mawili ya mkaa, ile ya kawaida ni miligramu 100 mbele na 50 nyuma. Fungu la nyuma ni mlinzi, maabara wakilikuta lina zaidi ya asilimia 10 ya kilicho mbele wanajua mkaa ulishiba na kemikali imepita, hujui kiasi gani kimetoroka. Hapo rudia kwa floo ndogo au muda mfupi. Kosa ninaloliona sana ni mtu kuongeza floo akidhani atapata kipimo kizuri zaidi.

---

MezaYaMaabara

Nimekaa kimya nasoma, ila naomba niseme la upande wetu tunaopokea. Tunaletewa kaseti nzuri kabisa bila ujazo kwenye fomu. Sisi tunapima kilo... samahani miligramu, hatujui umevuta hewa kiasi gani. Tuandikie floo ya kabla, ya baada, saa ya kuwasha na ya kuzima.

Leteni na sampuli tupu. Ni kaseti ya boksi lile lile, unaifungua pale kazini, unaifunga bila kuvuta hewa, inasafiri na wenzake. Mbinu nyingi za NIOSH (taasisi ya Marekani ya utafiti wa afya kazini) zinataka 2 mpaka 10 kwa kila seti. Bila hiyo sijui kama kilichoko kwenye filta kimetoka kwa mfanyakazi au kwenye gari.

Na kubwa kuliko yote kwa watu wa saikloni, MSIIGEUZE. Yale madude makubwa yote yako kwenye kikombe cha chini. Ukivua ukaitupa kwenye begi ikalala kichwa chini yanamwagikia filta. Tukifungua tunaona chembe kama mchanga zimekaa upande mmoja wa filta, hiyo hatuwezi kuipima kama vumbi laini. Vua ikiwa wima, zima pampu, toa kaseti ziba matundu yote mawili, ndo ufanye mengine. Kikombe mwaga na kusafisha kila baada ya matumizi.

---

MlindaPumzi

Mkuu wa maabara nimekumbuka kijana wetu anavyozirundika kwenye ndoo jioni. Nitakaa naye kesho.

Sasa nieleweshe la kukalibreti nikiwa na saikloni, maana nilikwepa kwa sababu sikuwa na namna ya kuiunga.

---

Fundi Vipimo

Saikloni nyingi zina kifuniko chake cha kukalibretia kinachovaa pale hewa inapoingilia, kama huna tumia chupa ya kukalibretia, unaitia saikloni ndani, mpira mmoja unaenda kwenye kalibreta mwingine kwenye pampu. Kaseti iwe ya aina ile ile na filta ile ile lakini iwe ya kazi hiyo tu, usikalibreti na kaseti utakayomvalisha mtu. Acha pampu itembee dakika 5 mpaka 10 ndo useti. Soma mara tatu, chukua wastani.

Fanyia eneo lile lile la kazi au lenye mwinuko ule ule. Ukiseti ofisini bondeni ukaenda kuvalisha mlimani hewa imekuwa nyepesi, floo haibaki ile. Na kalibreta yenyewe ina cheti chake, angalia tarehe. Rotameta ni ya kuhakikisha katikati ya shifti tu, isomwe katikati ya gololi macho yakiwa sawa nayo, na yenyewe ilinganishwe na kalibreta ya povu la sabuni au ya pistoni.

Alafu nunua daftari. Kila pampu ukurasa wake, tarehe, kabla, baada, masaa ya betri, kilichobadilishwa. Pampu haifi siku moja. Utaiona mwezi huu imeshuka asilimia 1, ujao 2, ujao 4, unaipeleka kwa fundi kabla haijakuharibia siku ya mtu.

---

MlindaPumzi

MREJESHO wakuu.

Mipira imekuja. Kafilta ka mdomoni nilibadilisha zote 6, mbili zilikuwa nyeusi tii. Pampu mbili betri hazikufika hata masaa 6 nimeziweka pembeni, na moja gololi ilikuwa inatetema imeenda kwa fundi. Nimebaki na 3 nzima kwa hiyo nilivalisha watu 3 tu, wengine watapimwa wiki ijayo. Bosi alitaka 6 siku moja nikamwonyesha ile hesabu ya 0.047 na 0.055, akanyamaza akasema endelea.

Niliamka mapema nikakalibreti pale pale na saikloni zikiwa zimeungwa. Asubuhi 2.20, 2.21, 2.20. Jioni 2.18, 2.17, 2.19.

Jamaa wa namba 4 nilimtafuta nikamwomba msamaha nikamweleza kuhusu ule mpasuko. Alikubali kuvaa tena. Nilimpa aweke kidole kwenye mpira kama dada alivyosema, akacheka akasema kweli kinakunywa. Mchana alinifuata mwenyewe, akainama kama anavyoinama kwenye jiwe akaniambia niangalie mpira haujakunjika.

---

DadaAfyaKazini

Umenifurahisha sana kaka. Majibu yakitoka mpe yeye kwanza.

---

MlindaPumzi

Nimeshamwahidi, na nimemwandikia namba ya kaseti yake kwenye karatasi akaweka mfukoni.

Mkuu wa maabara, kaseti 3 na tupu 2 ziko njiani, zimesimama wima kwenye boksi na fomu imejazwa floo zote na saa. Naomba uangalie namba 4 kwa makini.